Saiba ya Kayole Si Masjala ya Chuo Kikuu

Kila mara chuo kikuu cha umma nchini Kenya kinapoandamwa na malalamiko ya alama kupotea, faili kutoonekana na nakala za matokeo kuchelewa, jibu huwa lile lile: tunaleta mfumo. Utanunuliwa mfumo wa kusimamia nyaraka, utaunganishwa na mfumo wa rekodi za wanafunzi, na kuanzia hapo karatasi kwisha, foleni kwisha, hongo kwisha. Wakuu wa vyuo husema hivyo, wauzaji wa programu huitikia, na wanafunzi waliochoka kusukumwa kutoka dirisha hadi dirisha wameamini.

Mimi siamini. Wala sina ugomvi na kompyuta. Karatasi imetutesa vya kutosha. Ugomvi wangu ni na hiki kinachoitwa kuunganisha. Mifumo inayodaiwa kuzungumza yenyewe kwa yenyewe haizungumzi. Katikati yake amewekwa mtoto wa Eastlands ya Nairobi, awe wa Kayole, Umoja au Dandora, naye ndiye waya. Yeye ndiye anayeichukua hati upande mmoja wa serikali na kuipeleka upande wa pili, kwa pesa zake.

Ingia saiba yoyote kando ya Spine Road, Kayole, wiki ambayo wanafunzi wapya wanaripoti vyuoni. Mlangoni kuna bango: KRA, HELB, KUCCPS, NTSA, kupiga chapa, laminesheni. Ndani msichana ameketi kwenye benchi, mamake amesimama nyuma yake na bahasha ya kaki. Bahasha ina cheti cha kuzaliwa, matokeo ya KCSE, nakala ya kitambulisho, barua ya kuitwa chuoni, fomu ya daktari na picha za pasipoti. Kijana wa saiba anaskani moja baada ya nyingine. Tovuti ya chuo inakataa.

“Kijana wangu, hicho cheti si feki,” mama anajitetea.

“Mathe, cheti iko sawa. Ni saizi imekataa. Wanataka chini ya MB moja.”

Kijana anaibana faili mpaka alama za masomo zinafifia na nambari ya mtihani inakuwa ukungu. Sasa tovuti inakubali. Cheti kilichosomeka kimekataliwa, kisichosomeka kimepita. Kwenye kompyuta hiyo, mbele ya kila anayeketi, zimebaki faili za wateja wa jana na juzi: “ID mbele”, “ID nyuma”, “cheti final”, “cheti final 2”. Hakuna aliyezifuta, na hakuna aliyeagizwa kuzifuta.

Sasa tuulize swali ambalo wapiga debe wa mfumo hawapendi kuulizwa. Matokeo hayo ya KCSE ni ya nani? Mtihani ulitungwa, ukasahihishwa na kutangazwa na Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC. Shirika la KUCCPS, lililoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, lilipata matokeo hayo kutoka kwa baraza, wala si kutoka kwa msichana. Yeye alipoingia kuchagua kozi aliandika nambari yake ya mtihani na mwaka, na alama zake zilikuwa tayari zinamsubiri. KUCCPS ndiyo iliyompeleka chuoni kwa msingi wa alama hizo. Halafu chuo, ambacho kimepokea jina lake kwa njia hiyo, kinamwambia alete picha ya cheti ili kithibitishe kwamba alifaulu. Serikali inajiuliza swali ambalo jibu lake inalo, na msichana wa Kayole analipishwa nauli ya jibu.

Hoja ya kwanza ya watetezi ni kwamba mfumo unapunguza gharama. Gharama ya nani? Zamani karani wa masjala alipokea hati, akailinganisha na ile ya asili, akaipiga muhuri, akaipa nambari ya folio na kuitia kwenye faili. Alikuwa mtu anayejulikana, mwenye mkubwa wake na mshahara wake, na hati ikipotea kulikuwa na wa kuulizwa. Leo mwanafunzi ndiye anayepokea, ndiye anayechagua aina ya hati kwenye orodha, ndiye anayelipia skani, na kijana wa saiba ndiye anayeamua ubora wake. Kazi ya masjala haikupungua hata kidogo. Imehamishwa kutoka kwenye bajeti ya chuo hadi kwenye mfuko wa mama mboga wa Soweto ya Kayole. Chuo kinahesabu rimu za karatasi kilizookoa na kujipongeza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Tena si mara moja. Tangu mtindo mpya wa kufadhili wanafunzi wa vyuo vikuu ulipoanza mwaka 2023, mwanafunzi huyo huyo hujaza maombi ya mkopo na ufadhili na kueleza hali ya familia yake, akiambatisha hati zile zile, ili apangwe kwenye kundi la wahitaji. Akipangwa vibaya, na wengi walilalamika kwamba walipangwa vibaya, hukata rufaa kwa kupakia hati tena. Akienda kutafuta basari ya NG-CDF, ule mfuko wa maeneo bunge, iwe ni Embakasi ya Kati au Makadara, anarudi kwenye karatasi na muhuri wa chifu. Cheti kimoja cha kuzaliwa, kilichotolewa na serikali moja, kinaombwa na ofisi kadhaa za serikali hiyo hiyo ndani ya mwaka mmoja. Na kila ofisi kati ya hizo inajigamba kuwa imeingia enzi ya kidijitali.

Hoja ya pili ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa zaidi: tunahitaji skani hizo ili kuzuia vyeti bandia. Hapa watetezi wanaelekea kinyume kabisa cha ukweli. Picha ya cheti ndiyo kitu rahisi zaidi kughushi. Kila mkazi wa Nairobi anajua maana ya kuambiwa kwamba karatasi fulani ni ya River Road, yaani ya kughushi. Fundi wa River Road alilazimika angalau kutafuta karatasi nzito, rangi inayofanana na muhuri wenye mikunjo ya kweli, kwa sababu karani angeishika mkononi na kuigeuza kwenye mwanga. Ukimwambia fundi huyo kwamba sasa inatakiwa picha tu, tena iliyobanwa mpaka haisomeki, umempunguzia kazi.

Tazama jinsi udanganyifu ulivyofichuliwa hasa. Tume ya Utumishi wa Umma ilipoamuru mwaka 2022 vyeti vya watumishi vikaguliwe, na mapema 2024 ikatangaza kwamba zaidi ya vyeti 2,000 ni vya kughushi, kazi hiyo haikufanywa kwa kukodolea macho skani. Taasisi ziliwauliza waliotoa vyeti, yaani KNEC, vyuo na shule: je, mtu huyu ni wenu, na alama hizi ni zenu? Jibu la mtoaji ndilo lililomnasa mwongo. Nakala zilikuwa kwenye faili za wafanyakazi hao kwa miaka mingi, zimetobolewa na kufungwa uzi vizuri kabisa, wala hazikumshtua mtu. Chuo kinachojaza diski kwa picha za vyeti kinaurudia uzembe ule ule kwa vifaa vya bei ghali zaidi.

Na katika kukazania picha, tunamwumiza asiye na hatia. Kuna watoto wa Eastlands ambao cheti chao kiko kabatini mwa mwalimu mkuu kwa sababu ya deni la karo. Sheria ya KNEC ya 2012 haimpi mwalimu mkuu ruhusa ya kuzuia cheti, na Wizara ya Elimu imewakumbusha walimu wakuu jambo hilo mara nyingi, lakini vyeti bado vimekaa kabatini. Mtoto huyo alama zake zinajulikana na baraza, zinajulikana na KUCCPS, ila tovuti ya chuo inamwona hana kitu kwa kuwa hana cha kuskani. Mwenye cheti cha River Road anapita, mwenye alama za kweli anabaki nje ya lango.

Hoja ya tatu ni alama zinazopotea, na hapa ndipo ahadi imekuwa kubwa kuliko zote. Tunaambiwa kwamba mifumo ikiunganishwa, hakuna mwanafunzi atakayefika mwaka wa nne na kukuta pengo kwenye somo alilofanya mwaka wa pili. Hebu tufuate alama yenyewe. Mwanafunzi anaingia chumba cha mtihani, anasaini orodha ya mahudhurio. Karatasi yake inasahihishwa. Mhadhiri anajaza orodha ya alama na kuitia saini. Orodha inapita idara, bodi ya watahini, kitivo, kisha seneti. Mwishoni mtu anaandika tarakimu kwenye mfumo wa rekodi, na mwanafunzi anaiona kwenye simu yake. Tarakimu ikikosekana, huambiwa athibitishe kwamba alifanya mtihani. Ushahidi huo uko wapi? Uko kwenye orodha ya mahudhurio na orodha ya alama, na zote mbili ziko kwenye kabati la idara ambalo yeye haruhusiwi kulifungua.

Hapo ndipo ulipo upotofu wa mradi mzima. Kinachoskaniwa kwa bidii ni zile hati ambazo mwanafunzi analeta: kitambulisho, cheti, risiti, picha. Hati ambazo chuo chenyewe huzalisha, zinazoweza kukifunga chuo mbele ya mwanafunzi, mara nyingi hubaki kwenye droo: orodha ya mahudhurio yenye saini, orodha ya alama yenye jina la mhadhiri na tarehe, kumbukumbu za bodi ya watahini. Mfumo unamdai mwanafunzi ushahidi kila muhula. Chuo haukidai chochote. Basi tusishangae kwamba baada ya mamilioni kutumika, kijana wa Umoja bado anapanda matatu asubuhi kwenda kumtafuta mhadhiri aliyemfundisha miaka miwili iliyopita, ambaye pengine keshahama.

Na hata kama kila karatasi ingeskaniwa, bado hakuna programu inayoweza kuskani alama ambayo haijaandikwa. Vyuo vyetu vimewategemea wahadhiri wa muda, na wahadhiri wa muda wamekaa miezi, wengine miaka, bila malipo. Baadhi yao hushikilia alama kwa sababu ndiyo silaha pekee waliyo nayo. Wahadhiri wa kudumu nao waligoma kuanzia Septemba hadi Novemba 2025 wakidai malimbikizo ya shilingi bilioni 7.9 ya makubaliano ya mishahara ya miaka ya 2017 hadi 2021. Ukimleta muuza programu katikati ya ugomvi huo na kumwambia atibu tatizo la alama, unamwomba fundi wa bomba atengeneze mvua. Alama iliyopotea kwa sababu ya mshahara hurudi kwa mshahara.

Watetezi wenye busara zaidi watanijibu kwa sheria. Watasema Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka data ikusanywe moja kwa moja kutoka kwa mwenyewe, kwa hiyo chuo hakina budi kumwomba mwanafunzi, hakiwezi kwenda kuchungulia KNEC. Hoja hii ina sura nzuri mpaka usome kifungu chenyewe hadi mwisho. Kifungu hicho cha 28 kinaruhusu data kukusanywa kwingine mwenyewe akiridhia. Msichana wa Kayole akiwekewa kisanduku kimoja cha kuridhia, atakitia alama kabla hujamaliza kumweleza. Sheria hiyo hiyo inataka taarifa zinazokusanywa ziwe zile zinazohitajika tu. Chuo kinachohitaji kujua alama ya wastani na kikaishia kushika cheti kizima, vitambulisho vya wazazi na barua ya chifu, hakiwezi kuitumia sheria hiyo kama ngao.

Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Uamuzi ule ulipigiwa makofi, na ulistahili. Lakini taratibu za vyuo vyetu huwasukuma maelfu ya vijana kuacha vitambulisho, nywila za barua pepe na hati za familia kwenye kompyuta za watu wasiowajua kuanzia Kariobangi hadi Donholm, na hilo halijamkosesha mtu usingizi. Simlaumu kijana wa saiba. Anafanya kazi halali, na bila yeye nusu ya mtaa isingefika chuoni. Ninamlaumu aliyemkabidhi kazi ya masjala ya taifa bila mafunzo, bila kiapo na bila malipo.

Lipo jibu moja kutoka upande wa pili ambalo linastahili heshima. Nalo ni hofu: ukiunganisha kila ofisi na kila ofisi, umeipa serikali jicho moja kubwa. Wakenya wana sababu ya kuogopa. Huduma Namba, ule mpango wa nambari moja ya utambulisho, ilipelekwa mahakamani na wanaharakati, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kadi zake zilitolewa bila tathmini ya athari kwa data ambayo sheria inaitaka. Tena Julai 2023 eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ilishambuliwa na wadukuzi, na kwa siku kadhaa huduma zilizokuwa zimewekwa kwenye kapu hilo zikakwama pamoja. Ukiutegemeza usajili wa wanafunzi kwenye waya mmoja, siku ukikatika chuo kizima kinasimama.

Ninakubali hofu hiyo, na ndiyo maana sidai hifadhi moja kubwa ya kila kitu. Kuunganisha hakulazimu kunakili. Chuo kinaweza kuuliza na kujibiwa: nambari hii ya mtihani, mwaka huu, ina alama gani? KNEC ijibu, jibu liwekwe tarehe na saini ya kidijitali, swali lenyewe liandikwe kwenye daftari ambalo mwanafunzi anaweza kulisoma na kuona nani aliuliza habari zake. Estonia imekuwa ikifanya hivyo tangu 2001 kwa njia yake ya X-Road, na huko ofisi ya umma hairuhusiwi kumwomba mwananchi taarifa ambayo serikali tayari inayo. India ina DigiLocker tangu 2015, ambako cheti huja moja kwa moja kutoka kwa aliyekitoa. Na waya ukikatika, mwanafunzi apokelewe kwa masharti, uthibitisho ufuate baadaye. Nchi iliyoufundisha ulimwengu kutuma pesa kwa simu haiwezi kusema kuuliza swali na kupata jibu ni teknolojia ya mbali.

Ugumu uko kwenye ufunguo wa kuunganishia, na huko ndiko akili na pesa zingepaswa kwenda. Vyuo vingi huoanisha hati na rekodi kwa jina. Jina la Mkenya halitulii. Pumwani na Eastleigh utamkuta kijana ambaye ni Mohamed kwenye kitambulisho na Mohammed kwenye matokeo ya KCSE. Jericho utamkuta Achieng aliyeandikwa kwanza kwa jina la baba, kisha la babu, kisha yote yakageuzwa mpangilio. Kompyuta inawaona watu wawili, na kijana anatumwa kwa wakili kuapa kwamba watu hao wawili ni yeye. Kumbe nambari ya mtihani wa KCSE yenye tarakimu 11, ikiambatanishwa na mwaka, inamtambulisha mtahiniwa mmoja tu. Mwaka usisahaulike, maana nambari zenyewe hurudiwa kila mwaka. Chuo kikifungia rekodi kwenye nambari hiyo tangu siku ya kwanza, viapo vingi havitahitajika.

Upande wa alama, muungano wa kweli ungekuwa na kanuni moja: hakuna tarakimu inayoingia kwenye rekodi ya mwanafunzi bila hati inayoibeba. Mfumo ukatae alama isiyo na orodha iliyosainiwa. Mwanafunzi akibofya tarakimu yake aone iliwekwa na ofisi gani, tarehe gani, kwa kikao kipi. Alama ikibadilishwa baada ya seneti, ile ya zamani isifutwe. Ibaki chini yake pamoja na sababu. Na jina likiwa kwenye orodha ya mahudhurio lakini alama haipo, mfumo umwandikie mkuu wa idara, kwa sababu anayedaiwa hapo ni idara. JKUAT ilipotoa shahada za uzamifu 118 kwa mkupuo mmoja Juni 2019, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikaingia kuchunguza, na mambo ya kuchunguzwa yalikuwa ya nyaraka: nani alisimamia, mtahiniwa alisajiliwa lini, alichapisha nini. Rekodi zinazojieleza zenyewe zingejibu maswali hayo bila kusubiri wachunguzi.

Sehemu moja ninawapa watetezi haki yao kamili, nayo ni ile fomu ya kuondoka chuoni. Mhitimu huzunguka nayo maktaba, bweni, fedha, michezo na idara akitafuta saini za kuthibitisha kwamba hana deni. Hapo mifumo ya chuo kimoja ikiunganishwa, siku nzima ya mateso inakuwa dakika chache. Lakini angalia kwa nini hapo inafaa: hati zote ni za chuo chenyewe, na mzigo wa kuthibitisha unabebwa na chuo. Huo ndio mfano wa kufuata, wala haujawahi kuhitaji skana hata moja.

Kwa hiyo kabla ya naibu chansela yeyote kutia saini mkataba mwingine, ajibu maswali matatu hadharani. Ni hati ngapi tunazomdai mwanafunzi ambazo ofisi nyingine ya umma inazo? Ni orodha ngapi za alama na za mahudhurio zitakazoingia kwenye mfumo huu kabla ya picha moja ya kitambulisho? Na mwanafunzi asipokuwa na simu ya maana wala pesa za saiba, ni dirisha gani chuoni litakalomfanyia kazi hiyo bure, na karani gani atakayeketi hapo? Akishindwa kujibu la kwanza, asinunue. Akishindwa la pili, asiseme tena kwamba anapambana na alama kupotea. Na la tatu likikosa jibu, basi ada ya usajili ipunguzwe kwa kiasi ambacho familia za Kayole, Umoja na Dandora zinalipa saibani kuifanya kazi ya chuo, kwa sababu pesa hizo chuo kinadaiwa.